Waandikeni waliolinda Uvira: barua ya wazi kwa wakuu wa nchi

Uvira, Kivu Kusini, tarehe 5 Agosti 2025

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri, Amiri Jeshi Mkuu,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani,
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kivu Kusini, ambaye tangu Bukavu ianguke anaongozea jimbo kutoka hapa kwetu

Waheshimiwa,

Jumamosi iliyopita, tarehe 2 Agosti, taifa liliwakumbuka wahanga wa vita zetu. Kila mwaka siku hiyo hotuba hutaja mamilioni ya waliokufa, na ni haki yao kutajwa. Mimi nawaandikia juu ya wachache ambao hata ndani ya hayo mamilioni hakuna anayejua wawekwe wapi. Ni vijana wa mji huu walioulinda kati ya 1998 na 2003, wakafa, na majina yao hayajaandikwa popote. Si kwenye daftari la jeshi, si kwenye jiwe, si kwenye karatasi ya serikali. Nilikuwa pamoja nao. Ninaomba jambo moja tu, nalo ni daftari.

Kwa msomaji asiyeijua Uvira: mji wetu ni mwembamba. Milima ya Mitumba imeuegemea upande wa magharibi, Ziwa Tanganyika limeukaba upande wa mashariki, na katikati umebaki ukanda wa nyumba na barabara kuu inayotoka mpakani Kavimvira hadi bandari ya Kalundu. Mwenye kushika Kavimvira na Kalundu ameshika mji. Aliye juu mlimani anaona kila paa na kila mtumbwi. Aliye chini anaona majani tu. Ndiyo maana vita ya hapa siku zote ni ya kupanda na kushuka, na raia wakibanwa hawana njia ila ziwa, mlima au Burundi.

Oktoba 1996 askari wa Mobutu walikimbia mbele ya waasi wa AFDL wa Laurent Kabila, wakapora kila walipopita. Agosti 1998, kundi jipya la waasi, RCD, lilipoanzisha vita ya pili kule Goma likiwa na jeshi la Rwanda nyuma yake, Uvira ilishikwa katika siku za mwanzo kabisa. Kisha zikaja habari za mauaji ya Kasika, kule Mwenga, mwezi huohuo wa Agosti. Kisha Makobola. Makobola ni hapa kusini tu, mwendo wa baiskeli. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi mwaka mpya ukaingia, waliuawa watu zaidi ya 800 katika Makobola na vijiji vya jirani, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010. Kasika ripoti hiyohiyo inataja zaidi ya 1,000.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Baada ya Makobola darasa letu lilianza kupungua, madawati ya nyuma kwanza. Wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine walipanda mlima. Mimi nilipanda.

Mambo ya Mai-Mai, sisi wapiganaji wa mlimani tuliopigana na RCD, yamesemwa sana na watu ambao hawakuwapo, kwa hiyo nitasema machache. Dokta wa maji, mganga wa kambi, alituchanja, akatunyunyizia maji ya dawa, akatupa masharti. Usiibe. Usimguse mwanamke. Usipokee kitu kutoka mkononi mwa mtu asiye wa kambi. Ukisonga mbele usigeuke nyuma. Silaha zilikuwa chache kuliko mikono, na mwenye mkuki alimfuata mwenye bunduki akingoja zamu yake, tunaelewana ni zamu gani. Kama maji yale yalizuia risasi au hayakuzuia, sibishani na mtu. Yaliwatoa hofu watoto ambao hawakuwa na kitu kingine cha kuwatoa hofu.

Lakini maji yalikuwa na upande wa pili, na huu ndio ninaotaka muusikie, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa. Mtu akipigwa akafa, jibu lilikuwa tayari: alivunja sharti. Maji hayakosei, aliyekosea ni marehemu. Basi kila aliyeanguka alianguka na aibu juu yake. Ama aliiba kuku wa watu, ama alilala na mwanamke, ama aligeuka. Tulimfukia haraka, na jioni hatukumtaja.

Kijana mmoja wa Mulongwe, tuliyepanda naye, alipigwa tumboni karibu na mto. Mama yake alikuwa muuza ndagala sokoni. Aliyetumwa kumpasha habari alimwambia kama ilivyokuwa desturi: mwanao alikula cha watu. Yule mama hakuweka matanga. Alifunga mlango, siku ya tatu akarudi mezani kwake na sahani zake za ndagala, na wanawake wenzake hawakujua wampe pole au wanyamaze. Nilikuwa karibu na kijana yule tangu alfajiri ya siku ile. Hakula chochote, cha watu wala chake, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kula. Kifo chake kilitokana na risasi. Wako wengi wa namna hiyo mjini hapa, na wazazi wao wanazeeka wakiamini kwamba watoto waliowazaa walikuwa wezi.

Oktoba 2002 askari wa Rwanda waliondoka, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Pretoria mwezi Julai. RCD ikabaki yenyewe. Tarehe 13 tulishuka. Sisi wa upande wangu tulifuata bonde la Kalimabenge usiku, tukipapasa mawe, kila mtu ameshika shati la aliye mbele yake. Kulipokucha tulikuwa barabarani na mji ulikuwa mkononi mwetu. Watu walichungulia kwanza madirishani, halafu milangoni, halafu wakatoka wote. Mama mmoja wa Kakombe alileta sufuria ya bukari na bakuli la samaki. Hakutukabidhi. Aliviweka chini katikati ya njia, akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu alijua sharti letu. Tulikula tumechuchumaa, bunduki mapajani, naye amesimama kwake akitutazama mikono kama mtu anayehakikisha kila mtoto amepata tonge.

Hatukumaliza wiki. RCD ilirudi na silaha nzito, sisi tukapanda, na waliotulisha wakabaki chini. Maelfu walikimbilia Burundi kupitia Kavimvira. Waliobaki waliulizwa nani alipika na nani alipiga vigelegele. Mama yule wa Kakombe sikumwona tena. Kama daftari litaandikwa, na yeye aandikwe. Mji haukulindwa na wenye bunduki tu.

Sasa nije kwenu, Waheshimiwa, au kwa waliowatangulia kwenye viti hivyo.

Julai 1999 mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita ulitiwa saini bila sisi kuwa upande wowote. Tulikuwa kundi la kunyang'anywa silaha, basi. Mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yalitutambua kama sehemu ya Wakongomani wanaoketi mezani, na wakubwa wetu wachache walipata vyeo, hata ujenerali. Katika serikali ya mpito ya 2003, nafasi moja kati ya nne za makamu wa Rais ilikwenda kwa RCD, na makamu huyo, Azarias Ruberwa, ndiye aliyepewa kamisheni ya siasa, ulinzi na usalama. Sisemi kwa kinyongo. Amani hununuliwa kwa bei iliyopo sokoni siku hiyo. Ila fikirini mzazi wa Makobola alisikiaje redioni.

Halafu likaja zoezi la kutuchagulia njia: jeshi jipya au uraia. Kwa upande wetu kituo kilikuwa Luberizi, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Aliyechagua uraia aliahidiwa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Najua mtaniambia kwamba basi orodha zilikuwepo. Zilikuwepo, ndiyo. Ziliandikwa na makamanda. Kamanda mwenye watu wengi alipata cheo kikubwa, kwa hiyo watu wakawa wengi: wapwa, majirani, wavuvi waliokuwa wanapita. Orodha ya kamanda ni mzani wa mwenye duka. Na asiyekuwa na bunduki ya kukabidhi, yule wa mkuki niliyemtaja, alipata taabu kuaminika kwamba alipigana. Waliokufa hawakuwa na mtu wa kuwasimamia kabisa. Maiti haikabidhi silaha.

Kwa hiyo serikali inazo karatasi za watu ambao hawakupigana, na haina karatasi za watu waliokufa wakipigana. Natamani nipate mtu serikalini wa kunikanusha.

Pengine mnaona hili ni jambo la moyo tu, la wazee wanaotaka kutajwa. Basi litazameni kama jambo la fedha. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa yale iliyoyatenda Congo miaka ileile. Sisi tulikuwa tumedai zaidi ya bilioni 11. Tulisema raia 180,000 walikufa kwa sababu ya Uganda. Mahakama ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Someni hukumu ile. Kila ukurasa wa pili majaji wanalalamika kwamba ushahidi ni haba, fomu za wahanga hazina nyaraka za kuzithibitisha, madai hayana majina. Hawakusema tunasema uongo. Walisema hatukuandika. Siku itakapofika zamu ya kuuliza nani alifanya nini Uvira, Fizi na Mwenga, na mimi naamini itafika, tutakwenda tena na mikono mitupu?

Mama yangu alivuka hadi Kigoma, akaishi kambi ya Lugufu upande wa Tanzania. Siku ya kwanza tu, kabla hajapewa hata turubai, aliulizwa jina lake, jina la baba yake, kijiji na idadi ya watoto. Akapewa kadi ya chakula. Alirudi nayo Congo, nayo bado iko nyumbani, imeviringishwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti changu cha ubatizo. Aliyekimbia ana kumbukumbu katika nchi ya watu. Aliyebaki kulinda hana katika nchi yake. Sitaki mtu adhani ninawashutumu waliovuka; laiti mama angebaki nisingekuwa na mama.

Hata wakoloni, pamoja na viboko vyao, walimpa kila askari wa Force Publique, jeshi lao la Congo, namba. Juni 2022 Mfalme wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa na umri wa miaka 100. Tulipiga makofi tulipoona picha. Mimi nilipiga makofi huku nikihesabu: miaka zaidi ya 75 baada ya vita kwisha. Nani katika sisi wa mlimani, na vifua hivi vyenye baridi ya Mitumba, atafika 100?

Nisingeandika barua hii mwaka huu kama si vijana ninaowaona wakipita mbele ya nyumba yangu Kasenga.

Goma ilianguka Januari mikononi mwa waasi wa M23. Bukavu ikafuata Februari. Askari waliorudi nyuma walipitia hapa, na wiki ile Uvira ilisikia risasi nyingi kutoka kwa watu waliopaswa kutulinda kuliko kutoka kwa adui. M23 wakasimama Kamanyola, kaskazini mwetu. Tukabaki na Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Mimi sina neno juu ya moyo wao. Ni moyo ule uliotupandisha sisi mlimani. Mwaka 2023 mlitunga sheria ya Akiba ya Jeshi la Ulinzi ili watu kama hao wawe na mahali kisheria. Vizuri. Lakini nikimuuliza kijana anayepita na bunduki begani ameandikwa wapi, anajibu: kwa kamanda. Nikimuuliza ana miaka mingapi, anacheka. Wengine ni watoto, Waheshimiwa, hata sauti hazijavunjika, na mtoto hapaswi kuandikwa kwenye daftari la wapiganaji bali kurudishwa shuleni. Asipoandikwa popote, hakuna atakayejua kwamba alichukuliwa.

Juni mlitia saini mapatano na Rwanda kule Washington. Julai ikawa zamu ya Doha, serikali na M23. Wazalendo hawakuketi kwenye meza ile. Mimi nilisoma habari hiyo nikaikumbuka Lusaka. Sisemi mapatano ni mabaya, mungu ayape nguvu. Nasema wanaoshika mlima leo watafika kesho mahali palepale tulipofika sisi: karani mbele ya meza anauliza, una uthibitisho gani kwamba ulipigana?

Daftari ninaloomba si la sifa tupu. Liandike na ubaya. Miongoni mwa wenzetu walikuwapo waliosimamisha vizuizi na kuwatoza wakulima, waliobaka, na waliomuua jirani kwa sura ya pua yake. Wabanyamulenge wa mji huu, Watutsi wa Kivu Kusini, waliteswa kwa kisingizio kwamba wote ni RCD, wakati mapema 2002 Patrick Masunzu, Munyamulenge, aliasi RCD na akapigana na jeshi la Rwanda juu kule Minembwe, akiwa na Mai-Mai upande mmoja naye. Nani anawafundisha vijana hilo leo? Na Agosti 2004 wakimbizi waliotoka huku kwetu, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa zaidi ya 150 kwa usiku mmoja Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka. Palipo na majina, mwizi anajulikana ni nani na mlinzi ni nani. Pasipo na majina wote huitwa Mai-Mai, na mwenye chuki anachagua anayemtaka.

Najua pingamizi moja lenye uzito, na nimelijadili na wenzangu wa zamani usiku mwingi. Orodha ya wapiganaji ikiangukia mikono mibaya ni orodha ya kuua. Adui yuko Kamanyola, si mbali. Kwa hiyo anzeni na waliokufa. Hao hawawezi kuuawa tena. Majina yao yawe wazi, yabandikwe, yasomwe. Ya walio hai yafungwe Kinshasa, yawe na nakala moja, na asiyasome mtu asiye na kiapo.

Kazi yenyewe si ya mabilioni. Mashefu wa avenyu wanawajua watu wao nyumba kwa nyumba. Maparokia yana vitabu vya ubatizo na vya maziko. Misikiti ina wazee wanaokumbuka nani aliswaliwa maiti haipo. Sisi tuliokuwa pamoja bado tuko hai, si wengi, na tunaweza kusema fulani alianguka wapi na nani aliona. Kinachokosekana ni mtu wa serikali mwenye kalamu na muhuri, kwa sababu Uvira tumeshaandikiwa vya kutosha na watu wa mashirika, wakaondoka na daftari zao. Fuko la kitaifa la fidia kwa wahanga, lililoundwa na sheria ya Desemba 2022, lina kazi yake na lifanye. Aliyekufa akiwa na bunduki hana fomu mle. Waziri wa Ulinzi ndiye mwenye jina la wapiganaji wa zamani kwenye mlango wa ofisi yake, kwa hiyo hili ni lake. Gavana yuko hapahapa, anaweza kumtuma karani kesho asubuhi kwa miguu.

Katika kila jina, karani aandike pia sababu ya kifo kama walioshuhudia wanavyoisema. Risasi, bomu, homa, maji ya mto. Halafu nakala yenye muhuri apelekewe mzazi aliye hai, na karani aisome kwa sauti, maana wengi hawasomi. Wa kwanza ninaomba awe yule mama wa Mulongwe. Hauzi tena ndagala, macho yamempungukia, lakini yuko na anasikia vizuri.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mpiganaji wa zamani, mtaa wa Kasenga, Uvira